Mabango ya kukata na zawadi za magazeti ya katuni ya zamani ya Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekusanya magazeti ya katuni ya watoto wa Uingereza kwa miaka mingi, na haipiti wiki bila ndugu au rafiki kunitumia picha kwa simu. Kalipata gazeti kwenye soko la Jumapili, lile la watu kuuza vitu vyao kwenye buti la gari, au katika sanduku la marehemu jirani. Limechakaa, na ukurasa wa nyuma una tundu la mraba. Swali huwa lile lile: "Hili bado lina maana?" Lina maana, tena kubwa. Nimeyapanga maswali hapa kuanzia ya mgeni hadi ya aliyekwisha kunogewa. Jibu likigusa swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Magazeti haya ni yapi hasa?

Ni magazeti ya kila wiki ya kuchekesha watoto, yaliyouzwa kwa peni chache katika maduka ya magazeti kote Uingereza. Mengi yalitoka katika nyumba mbili za uchapishaji. Ya kwanza ni DC Thomson ya Dundee, Uskoti, iliyotoa The Dandy (4 Desemba 1937), The Beano (30 Julai 1938), The Topper (1953) na The Beezer (1956). Ya pili ni ile ya London iliyobadili majina na wenyewe mara kadhaa, ikajulikana zaidi kama Fleetway na baadaye IPC. Hiyo ndiyo iliyotuletea Buster (1960), Whizzer and Chips (1969), Cor!! (1970), Shiver and Shake (1973), Whoopee! (1974), Monster Fun (1975) na Krazy (1976).

Usiyachanganye na yale ya Marekani yenye mashujaa wanaoruka angani. Humu mna mtoto mtundu, mbwa wake, mwalimu mwenye hasira na baba mwenye ndara mkononi. Mtoto akishinda, picha ya mwisho inamwonyesha mbele ya mlima wa viazi vya kuponda wenye soseji zilizochomoza pande zote. Akishindwa, ndara inafanya kazi yake.

2. Bango la kukata na zawadi ni kitu kimoja?

Hapana, na tofauti hii ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Bango ni sehemu ya gazeti lenyewe: limechapwa kwenye karatasi ile ile, kwenye ukurasa wa nyuma au kurasa za katikati, na mtoto akilichukua gazeti linapungua. Zawadi ni kitu cha pembeni kilichochomekwa ndani au kubandikwa juu ya jalada, na mtoto akikichukua gazeti linabaki zima.

Kuna kundi la tatu ambalo wengi hulisahau, nalo ni vitu vya klabu. Hivi havikuja na gazeti. Ulikata fomu, ukaiweka kwenye bahasha pamoja na malipo, ukasubiri posta. Kinachojulikana zaidi ni klabu ya Dennis the Menace, mtoto mtundu wa The Beano, iliyoanzishwa na gazeti hilo mwaka 1976. Mwanachama alipata beji mbili, moja ya Dennis na nyingine ya mbwa wake Gnasher, ya manyoya meusi yenye macho yanayochezacheza. Ukimkuta Gnasher mwenye macho yote mawili, mshike vizuri, kwa maana macho hayo yalikuwa yakibanduka.

3. Kwa nini wachapishaji walitoa vitu bure?

Kwa sababu mtoto alikuwa na sarafu moja tu kwa wiki. Akinunua gazeti jipya, maana yake ameacha la zamani, na mtoto haachi rafiki zake wa kwenye katuni kirahisi. Zawadi ilimshawishi avuke upande wa pili. Ndiyo maana desturi ikawa kutoa zawadi katika matoleo matatu ya kwanza mfululizo: la kwanza anunue kwa ajili ya kitu, la pili ajue majina ya wahusika, la tatu atake kujua kitakachowapata wiki ijayo. Hapo kuponi ya kuweka oda dukani (swali la 8) inamfunga kabisa.

Biashara hii ilikuwa na upande wa huzuni. Gazeti likipungua wanunuzi lilimezwa na jingine la nyumba hiyo hiyo, na wahusika wachache tu ndio waliohamia nyumba mpya. Cor!! lilimezwa na Buster mwaka 1974, na mwaka huo huo Shiver and Shake likamezwa na Whoopee!. Monster Fun likaingia Buster mwaka 1976, Krazy likaingia Whizzer and Chips mwaka 1978, Whoopee! nalo likafuata humo mwaka 1985. Whizzer and Chips lenyewe likamezwa na Buster mwaka 1990, na Buster, lililokwisha kuwala wote hao, likafa Januari 2000.

4. Zawadi zenyewe zilikuwa vitu gani?

Za mwanzo kabisa zinajulikana: The Dandy namba 1 lilikuja na filimbi iliyoitwa Express Whistler, na The Beano namba 1 lilikuja na kinyago cha karatasi, Whoopee Mask. Kutoka hapo utaona kwamba vitu vya kelele ndivyo vilivyotawala. The Topper lilizinduliwa na Big Crack Bang, na The Beezer na Whizz Bang.

Vifaa hivi viwili vya kishindo vinastahili kuelezwa, maana watu huvitupa wakidhani ni bahasha iliyochanika. Ni kadi iliyokunjwa pembetatu, na ndani yake imebandikwa karatasi nyepesi iliyokunjwa kuelekea ndani. Unashika ncha moja, unainua mkono, unaushusha kwa nguvu kama mtu anayekung'uta kitambaa. Hewa inaingia kwa ghafla, karatasi ya ndani inafyatuka nje, na kinatoka kishindo cha kumrusha paka dirishani. Baada ya mara ishirini hivi karatasi inapasuka kwenye mkunjo. Ndiyo sababu ni nadra kukipata kizima: kilitumika hadi kikaisha.

Baadaye plastiki na mpira vikachukua nafasi. Monster Fun namba 1 lilikuwa na kipira chenye mrija wa kufichwa chini ya sahani, ukikibonyeza sahani ya mgeni inacheza mezani. Cor!! namba 1, la tarehe 6 Juni 1970, lilikuja na kipakiti cha unga wa kutengenezea juisi kilichoitwa Gulp. Oink! namba 1, la tarehe 3 Mei 1986, lilikuja na santuri nyembamba ya plastiki inayopindika.

Kwa maoni yangu kelele haikuwa ajali. Mtoto mmoja akipiga kishindo kwenye uwanja wa shule, wenzake ishirini wanauliza kakitoa wapi.

## Mabango na kurasa za kukata

5. Mabango gani yanatafutwa zaidi?

Yale ya Ken Reid, bila kusita. Huyu ni mchoraji aliyekuwa na mkono wa ajabu wa kuchora viumbe vya kutisha vinavyochekesha: kila chunusi ina unywele wake, kila jino lina ufa wake, na bado mtoto anacheka. Alifanya kazi The Beano tangu miaka ya 1950, kisha akahamia upande wa London.

Mwaka 1973 Shiver and Shake lilianza kuchapa Creepy Creations, zimwi moja la ukurasa mzima kila wiki, kwa rangi, kwenye jalada la nyuma. Mengi alichora yeye. Uzuri wake ni kwamba watoto wenyewe walituma mawazo, na aliyechaguliwa jina lake lilichapwa. Hebu fikiria mtoto wa miaka tisa anayebuni jini la makapi ya jikoni, halafu wiki kadhaa baadaye analiona dukani limechorwa na bingwa. Shiver and Shake lilidumu matoleo 79 tu, likafungwa Oktoba 1974. Reid akaendelea ndani ya Whoopee! na World-Wide Weirdies, ambamo majengo na mahali maarufu duniani paligeuzwa kuwa mazimwi.

Kurasa hizi zilikusudiwa kubandikwa ukutani, nazo zilibandikwa. Nakala yangu moja ina matundu manne ya pini pembeni, na kila tundu lina duara dogo la kutu. Nyingine ina madoa manne ya mafuta, yanayopenya hadi upande wa pili, yaliyoachwa na ile gundi laini ya buluu ya kubandikia picha. Pini na gundi hizo zinakwambia zimwi lile lilimwangalia mtoto usiku kucha.

6. Mbona gazeti langu lina gazeti jingine ndani yake?

Hongera, una Whizzer and Chips kamili. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake tangu toleo la kwanza, 18 Oktoba 1969: magazeti mawili kwa bei ya moja. Chips ilikuwa tumboni mwa Whizzer, na mtoto alitakiwa aichomoe. Whizzer iliongozwa na Sid, mvulana mwenye joka liitwalo Slippy, na Chips iliongozwa na Shiner, aliyekuwa na jicho jeusi la ngumi kila wiki. Wasomaji walitakiwa wachague upande, na mhusika wa upande mmoja alivamia kurasa za mwingine kwa siri ili msomaji amtafute. Watoto wengi walichomoa kweli, wakaweka mafungu mawili, na leo utakuta Whizzer bila Chips au Chips bila Whizzer. Ukinunua, hesabu kurasa (swali la 7).

Monster Fun nalo lilikuwa na Badtime Bedtime Books, vijitabu vya kuchomoa katikati ya gazeti na kukunja mwenyewe. Leo Baxendale, yule aliyewabuni Minnie the Minx na wanafunzi wa Bash Street katika The Beano, alichora vya mwanzo, navyo vimejaa utani hadi kwenye pembe za kurasa. Kijitabu kilichokunjwa na mtoto huwa kimepinda, ukurasa mmoja mrefu kuliko mwenzake. Usijaribu kukikata upya ili kiwe sawa.

7. Nitajuaje kama kuna kitu kimekatwa au kuchomolewa?

Hesabu kurasa, halafu elewa gazeti lilivyokunjwa. Gazeti la kurasa 32 ni karatasi nane kubwa zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Karatasi ya nje kabisa inabeba kurasa za 1, 2, 31 na 32. Ya ndani kabisa inabeba 15, 16, 17 na 18. Kwa hiyo bango la katikati likichomolewa, hukupoteza picha moja tu. Umepoteza kurasa nne, na hadithi ya ukurasa wa 15 imekatika mdomoni.

Bango la nyuma lina mtihani mwingine. Mtoto aliyekata ukurasa wa 32 aliondoka pia na ukurasa wa 31, na jalada la mbele likabaki linaning'inia peke yake. Ndiyo maana magazeti mengi yaliyokatwa bango yamepoteza jalada pia: halikutupwa makusudi, lilikosa wa kulishika.

Dukani au sokoni, fungua katikati kwanza. Kisha geuza ukurasa wa mwisho, uangalie kama mistari ya hadithi inaendelea hadi ukingoni. Mkasi wa mtoto huacha ukingo wa meno meno, wenye kona aliyoikosa akarudia.

8. Tundu la mraba kwenye kona ya chini ni la nini?

Mara nyingi hapo palikuwa na kuponi ya oda. Ilimwambia mwenye duka la magazeti amwekee mtoto gazeti hilo kila wiki, na chini palikuwa na nafasi ya jina na anwani. Nyingine zilikuwa fomu za klabu au za mashindano ya kuchora.

Angalia pia kona ya juu ya jalada. Ukiona jina la ukoo au namba ya nyumba kwa penseli, hilo ni jibu la kuponi ile: mwenye duka aliandika pa kulipeleka, na kijana wa kusambaza magazeti akalitumbukiza mlangoni asubuhi. Ninalo gazeti la miaka ya 1970 lenye tundu la kuponi nyuma na, kwenye toleo lililofuata, namba ya nyumba kwa penseli mbele. Niliyapata yote mawili kwenye sanduku moja. Wauzaji huifuta penseli hiyo ili gazeti lionekane safi. Nawaomba waache.

9. Gazeti lililokatwa lina thamani yoyote?

Kwa fedha, linashuka sana, na usikubali kulipa bei ya zima. Bango au kijitabu kikikosekana, muuzaji anapaswa kukwambia kabla hujauliza. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia gazeti "katika hali nzuri", likafika bila kurasa za katikati, na muuzaji akadai jalada ndilo lenye hali nzuri.

Kwa historia, sikubali kuitwa gazeti bovu. Mchapishaji aliandika "kata hapa", akachora mstari wa nukta, na mtoto akatii. Gazeti zima kabisa, lisilo na alama ya mkono, huenda lilibaki dukani bila kununuliwa au lilikuwa la mtoto asiyelipenda. Lililokatwa lilipendwa. Kama una nafasi ya kuweka gazeti moja tu la aina hiyo nyumbani, chagua unalolipenda wewe, lakini lile la tundu usilitupe kwenye taka za karatasi. Kurasa zake zilizobaki zinaweza kukamilisha nakala ya mwenzako.

## Kununua na kuuza

10. Nitajuaje kama toleo langu lilikuja na zawadi?

Soma jalada. Zawadi ilitangazwa kwa herufi kubwa, mara nyingi na mhusika mkuu akiionyesha au kuitumia. Soma pia toleo la wiki iliyotangulia, kwa sababu ukurasa wake wa mwisho ulikuwa ukitangaza kitakachokuja.

Ushahidi mwingine ni selotepu. Tafuta mstatili wa kahawia uliokolea kwenye jalada, au sehemu ambapo wino umechunwa ukabaki mweupe. Hapo ndipo zawadi ilipobandikwa, na hapo ndipo mtoto alipoing'oa kwa pupa kabla hajafika nyumbani.

11. Je, naweza kupata The Dandy au The Beano namba 1?

Yapo machache, na bei yake ni ya nyumba ya mnada. Mwaka 2004 The Beano namba 1 liliuzwa kwa paundi 12,100, na miezi michache baadaye The Dandy namba 1, likiwa na filimbi yake, likauzwa kwa paundi 20,350. Filimbi ile ndogo ndiyo ilikuwa nyota ya mnada.

Watu hushangaa kwa nini ni adimu wakati The Beano namba 1 liliuzwa nakala 442,963. Sababu kubwa ni vita. Vita Kuu ya Pili ilileta uhaba wa karatasi. Kuanzia 1941 hadi 1949 The Dandy na The Beano yalitoka kwa zamu, wiki hii moja, wiki ijayo jingine. Katika miaka ya vita watoto walihimizwa, hata ndani ya magazeti hayo hayo, wapeleke karatasi kuukuu zikasagwe upya. Wakapeleka. Mtoto mwema wa 1942 ndiye aliyelifanya gazeti la 1938 kuwa dhahabu.

12. Nimepata namba 1 kwa paundi tano. Ni la kweli?

Karibu hakika ni nakala ya kuigiza. Za namna hiyo zimetolewa baadaye kwa ajili ya kumbukumbu, nyingine zikiwa na zawadi yake ya kuigiza pia. Si kosa kuwa nayo, kosa ni kuiuza kama ya asili.

Tumia macho na pua. Karatasi ya magazeti ya 1938 leo ni ya rangi ya chai, hasa pembezoni, na ina harufu ya vumbi tamu kama maktaba ya zamani. Ikiwa nyeupe sawasawa hadi kwenye mkunjo, shaka. Nakala nyingine zina manjano, lakini manjano hayo yamechapwa: yanafanana katika kila ukurasa, na doa halipenyi upande wa pili. Tazama pia maandishi madogo ya mchapishaji chini ya ukurasa wa mwisho.

13. Nimenunua gazeti sehemu moja na zawadi sehemu nyingine. Naweza kuviunganisha?

Unaweza, na wakusanyaji wengi hufanya hivyo. Siku ya kuuza, sema. Gazeti lililokaa na zawadi yake tangu siku ya kwanza mara nyingi lina alama inayolingana: kivuli cha kinyago kwenye ukurasa, au kutu ya beji iliyoacha duara. Vilivyokutanishwa havina. Mnunuzi mzoefu atauona ukurasa ule, na ukiwa umenyamaza utakuwa umepoteza jina.

14. Bei iliyoandikwa jaladani inanisaidia kujua umri?

Inasaidia haraka sana. Uingereza ilibadili mfumo wa fedha tarehe 15 Februari 1971. Bei yenye herufi d ni ya kabla ya hapo, enzi za peni 240 kwa paundi. Bei yenye p ni ya baadaye. Penye zote mbili, umeshika gazeti la kipindi cha mpito.

## Kutunza

15. Kwa nini karatasi inageuka manjano na kuvunjika?

Ni karatasi ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, kile kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti. Mwanga na hewa vikiigusa lignini, karatasi inageuka rangi na asidi inaongezeka, nyuzi zinakatika. Manjano hayarudi kuwa meupe bila kuumiza karatasi, kwa hiyo usijaribu dawa yoyote ya kufulia. Unachoweza ni kupunguza kasi: giza, ubaridi, ukavu wa wastani.

Na usilitundike bango la asili mbele ya dirisha. Fanya nakala, utundike nakala (swali la 20).

16. Nitoeje selotepu ya zamani?

Kama bado imeshika, iache. Kama imekauka na plastiki yake inabanduka yenyewe, iinue taratibu kwa kipande chembamba cha kadi na uache gundi ya kahawia ilipo. Joto la mashine ya nywele na mafuta ya taa ninayoyasikia yakishauriwa vimeharibu majalada mengi kuliko selotepu yenyewe. Wala usizibe mpasuko kwa selotepu mpya.

17. Niyaweke ndani ya nini?

Mfuko wa poliesta safi, na nyuma yake kadi isiyo na asidi. Epuka plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu ya pazia la bafuni, kwa sababu inatoa mvuke na kunata kwenye wino. The Topper na The Beezer yalikuwa makubwa kuliko mengine, na wenye maduka waliyakunja katikati. Mkunjo huo ni wa asili, usiupige pasi. Zawadi za mpira na chuma ziweke kwenye mfuko wake mwenyewe: mpira ukizeeka unayeyuka na kugandamana na karatasi, na pini ya beji inatia kutu.

18. Narudi nyumbani Mombasa (au Unguja, au Tanga). Yatastahimili hali ya hewa ya Pwani?

Yatastahimili ukiyapa ulinzi. Adui ni unyevu, na baada yake mende wanaopenda gundi ya zamani, na mchwa. Tumia sanduku la plastiki ngumu lenye mfuniko, weka vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, uvikaushe au uvibadilishe kila vinapolowa. Liinue sanduku kutoka sakafuni na uliweke mbali na ukuta wa nje. Lifungue mara moja kwa mwezi, siku kavu, uyapitie. Usiyaweke stoo pamoja na unga na mchele.

19. Nimepata kipakiti cha unga wa juisi au peremende ambacho hakijafunguliwa. Nifanye nini?

Usionje, usifungue. Thamani yake iko katika kufungwa kwake. Kitenganishe na gazeti, kwa sababu kikipasuka, sukari na rangi vitaingia kwenye karatasi na kuita wadudu.

## Maswali magumu

20. Naweza kuskani bango langu na kulichapa?

Kwa ukuta wa nyumbani kwako hakuna atakayekugongea mlango, ingawa sheria ya Uingereza haitoi ruhusa ya jumla ya kunakili kwa matumizi binafsi. Kuuza nakala, au kuzipakia mahali kila mtu achukue, ni jambo jingine kabisa. Hakimiliki ya Uingereza hudumu miaka 70 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Ken Reid alifariki 1987 na Leo Baxendale 2017, kwa hiyo kazi zao bado zina wenyewe. The Dandy na The Beano ni mali ya DC Thomson. Hazina kubwa ya Fleetway na IPC imenunuliwa na kampuni ya Rebellion ya Oxford, kwa awamu mbili, 2016 na 2018. Hao wamezichapa upya Creepy Creations zote katika kitabu kimoja, ambacho nakipendekeza kwa yeyote anayetaka mazimwi yale bila kuwinda magazeti.

21. Ndani ya gazeti la zamani nimekuta picha ya kumdhihaki mtu mweusi. Je, niikate?

Swali hili naliulizwa zaidi na wazazi, na linaniuma kila mara. The Beano namba 1 lenyewe lina, pembeni ya jina lake kubwa, mvulana mweusi aitwaye Peanut anayekula tikiti maji, mwenye midomo iliyotiwa chumvi ya kudhalilisha. Aliendelea kukaa hapo miaka kadhaa. Sparky, lililoanza 1965, lilizinduliwa na mhusika wa namna hiyo hiyo kama sura ya gazeti.

Usiikate. Ukiikata, atakayekuja baada yako ataamini haikuwepo. Lakini usimwachie mtoto akutane nayo peke yake. Mimi hukaa na wangu, nawaambia: hivi ndivyo walivyotuchora, walichapa kila wiki, na watoto waliozaliwa hapa Uingereza kama ninyi walikwenda shule na wenzao waliosoma haya. Nawaacha wakasirike. Kisha tunafungua ukurasa mwingine, kama wanataka. Wakati mwingine hawataki, na gazeti linarudi sandukuni.

22. Mwanangu ameona mstari wa nukta na anataka kukata. Nimruhusu?

Kama ni toleo adimu, hapana: mpe nakala na mkasi. Kama ni gazeti la kawaida la miaka ya 1970 au 1980 ambalo unalo mara mbili, mimi nasema ndiyo. Nilimpa binti yangu Whoopee! la ziada lenye zimwi la nyuma. Alitoa ulimi nje wakati wa kukata, akaipita kona ya chini kushoto, akarudia. Zimwi liko juu ya kitanda chake sasa, na gazeti nimeliweka kwenye mfuko wake likiwa na tundu, pamoja na karatasi ndogo yenye tarehe na jina la aliyekata.